Tulipokwenda Kumwona Mdogo Wangu Ukutani

Rafiki wa marehemu mdogo wangu alifika nyumbani kwetu Kharumwa adhuhuri moja ya kiangazi, akaegesha pikipiki yake kivulini, na hakutaka kukaa. Alisimama kwenye mlango wa chumba ninachoshonea nguo, ameikumbatia helmeti kifuani kwa mikono yote miwili. Nikaacha cherehani. Huyu bwana alichimba dhahabu pamoja na mdogo wangu kule Nyarugusu, katika shimo moja, au duara kama wachimbaji wanavyoliita. Tangu mdogo wangu afukiwe humo, yeye aliacha uchimbaji akawa anabeba abiria upande wa Bulyanhulu. Kila alipokuja kwetu alileta kitu: sukari, sabuni, mara moja alileta mbuzi. Siku hiyo hakuleta kitu.

"Dada, mama yupo?"

"Yupo nyuma anaanika michembe. Kuna nini?"

"Nimemwona kwenye televisheni."

"Umemwona nani?"

Akamtaja mdogo wangu kwa jina. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya gurudumu la cherehani, na nakumbuka nililishika kwa nguvu, kama vile lingeondoka.

Alinieleza haraka haraka, akiangalia chini. Alikuwa kwenye kibanda cha mama lishe anakunywa chai, taarifa ya habari ikawa inaonyesha Shinyanga mjini, makumbusho ya sanaa ya taifa yakifunguliwa upya baada ya kufungwa miaka mingi. Kiongozi mmoja alikata utepe, kisha akaingia ndani akaanza kuhutubia. Nyuma yake ukutani kulikuwa na picha kubwa ya rangi: mdomo wa duara, magogo ya kuzuia udongo, na mtu aliyevaa jezi ya njano na kitambaa chekundu kichwani.

"Uso uliuona?" nikamuuliza.

"Kichwa cha kiongozi kilikuwa kinaziba. Kikisogea huku, kinaziba huku. Lakini dada, ile jezi naijua. Tuliinunua mnadani pamoja. Halafu yule mchoraji mimi nilimwona kwa macho yangu. Mzee mwembamba, alikuja pale machimboni akakaa juu ya ndoo aliyoipindua, anachora. Watu wakawa wanamcheka, wanamwambia achore na dhahabu basi tugawane. Mdogo wako ndiye aliyekuwa anakwenda kuongea naye wakati wa mapumziko. Alimchora. Mimi nilikuwepo."

Nilitaka kumwambia aondoke kabla mama hajasikia. Lakini mama alikuwa tayari amesimama nyuma yangu, unga wa vile viazi vitamu vya kukausha umemganda vidoleni.

"Mwangaluka, mayu," yule bwana akamwamkia kwa Kisukuma, ingawa jua lilikuwa limeshapita utosini na salamu hiyo ni ya asubuhi.

Mama hakuitikia. Alisema, "Shinyanga ni karibu. Tutakwenda lini?"

Ni lazima nieleze kwa nini mama alisema hivyo, na kwa nini mimi sikuweza kumzuia. Mdogo wangu hana kaburi. Duara lilipotitia, watu walichimba kwa siku kadhaa, kuta zikawa zinaendelea kumeguka, mwisho ikaamuliwa kwamba hakuna mwingine wa kuhatarisha maisha yake kwa ajili ya mtu ambaye hayupo tena. Wakalifukia lote. Sisi tulikaa matanga bila maiti. Wazee walizika nguo zake nyuma ya nyumba, na mama hajawahi kupalilia mahali pale. Husema, "Pale kuna suruali tu."

Picha yake pia hatukuwa nayo. Simu yake aliingia nayo duarani, na kitambulisho chake kilikuwa mfukoni. Kulikuwa na picha moja ya shule, darasa zima limepangwa mbele ya ukuta, lakini mvua iliingia kwenye sanduku mwaka uliofuata na nyuso zote zikawa madoa ya rangi ya kahawia. Mama aliendelea kuitunza. Halafu, miezi michache kabla ya habari ile ya televisheni, tulikuwa tunachambua mchele kwenye ungo, akasema bila kuinua kichwa, "Uso wake unanitoka. Namkumbuka akitembea, namkumbuka anavyokula. Uso hauji." Mimi nikamwambia kwamba ana uso wangu, aniangalie mimi. Akaniangalia kwa muda, kisha akarudi kwenye mchele. Niliona kwamba uso wangu haumtoshi.

Kwa hiyo tukaenda.

Mama aliamka kabla ya jogoo, akaoga, akavaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kufunga ambavyo huvivaa Pasaka. Alifunga michembe kwenye kitambaa safi, na karanga za kukaanga kwenye mfuko mwingine. Nilijua ni vya nani. Mdogo wangu tangu utotoni alikuwa anakula michembe na karanga hadi anaumwa tumbo. Sikumuuliza. Rafiki wa mdogo wangu alikuja kutupokea Kahama, akiwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi na suruali ya kitambaa, ameiacha pikipiki kwa ndugu yake, tukaendelea pamoja hadi Shinyanga. Njiani mama alitazama nje tu, mashamba ya pamba yaliyokwishavunwa, uzio wa minyaa, ng'ombe wanaokwenda kwenye malambo yaliyoanza kukauka. Aliuliza swali moja safari nzima.

"Amechorwa mkubwa kiasi gani?"

"Mkubwa, mama," rafiki akajibu. "Karibu sawa na mtu."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

Jumba lenyewe lilikuwa jeupe sana. Lilikuwa limepakwa rangi upya na harufu ya rangi ilikuwa bado inatoka ukutani. Mbele yake walikuwa wamepanda maua ambayo hayajashika vizuri, yamelala kwa jua. Kwenye nguzo za mlango kulikuwa bado na vipande vya utepe wa sherehe. Mlinzi wa mlangoni, mwanamke wa makamo, alimsalimia mama kwa heshima, "Shikamoo, bibi," kisha akaona mafurushi.

"Bibi, chakula hakiingii ndani. Niachie hapa, utavikuta."

Mama akavikumbatia. "Si vyangu."

"Ni vya nani?"

Mama akamtazama mlinzi, akanitazama mimi, na nikaona aibu inampanda usoni, aibu ya mtu mzima aliyejikuta anataka kusema jambo la kitoto. Akampa mafurushi. Mlinzi aliyaweka kwenye kiti chake mwenyewe na yeye akabaki amesimama. Mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Ndani kulikuwa na baridi na sakafu inayoteleza. Binti mmoja mwenye sauti laini, aliyevaa sare, alitupokea na kusema yeye ndiye mwongozaji. Alitaka kuanza mwanzo: kwanza vinyago, halafu viti vya watemi, ngoma, mavazi ya wacheza nyoka, halafu ndipo picha za rangi. Mimi nilijaribu kumwambia tuna jambo moja tu, lakini hakunielewa na alikuwa na bidii, kwa hiyo tukamfuata. Kwa siku nyingine yoyote ningefurahi. Kulikuwa na ngoma kubwa kuliko mtu, na kiti kilichochongwa kwa gogo moja chenye mgongo wa umbo la mwanamke. Mama alipita vyote hivyo kama mtu anayepita sokoni akitafuta duka moja. Kuna mahali binti alieleza habari za kinu cha kutwangia, mama akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, kinu nakijua," akaendelea kutembea.

Picha ilikuwa chumba cha mwisho, ukuta wa peke yake. Mbele yake walikuwa wamefunga kamba nyekundu kwenye vijiti vya chuma, na mbele ya kamba kulikuwa na benchi refu la mbao.

Rafiki aliiona kwanza. Alisimama ghafla hata nikamgonga mgongoni.

Ilikuwa ni yeye. Nilijua kabla sijaangalia vizuri. Ile namna ya kusimama, bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia kwa sababu alivunjika akiwa mdogo alipoanguka kwenye mkokoteni. Mchoraji aliliona bega lile na akaliweka. Jezi ya njano, imechakaa kwapani. Kitambaa chekundu. Mkono mmoja umeshika gogo la juu la duara, na mguu mmoja uko ndani ya shimo. Vumbi la mawe lilikuwa limemganda kwenye visigino, na hata ule mpasuko wa kisigino ulionekana.

Lakini alikuwa ametupa mgongo.

Nilisogea kushoto, nikasogea kulia, kama vile picha ingeweza kuniruhusu nizunguke nyuma yake. Kilichokuwepo ni kisogo, kitambaa, na kipande cha sikio. Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa amekwenda hadi kwenye kamba, kamba imemgusa tumboni. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Kisha akamgeukia binti mwongozaji, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuomba maji, "Mwambie ageuke."

Binti akatabasamu kwa kutoelewa. "Samahani, bibi?"

"Huyu. Mwambie ageuke. Nimetoka Kharumwa."

Yule binti alinitazama, tabasamu likiondoka polepole. Nikamwambia, "Ni mwanawe." Nilisema hayo maneno mawili tu na sikuweza kuongeza la tatu. Binti akafunika mdomo kwa mkono. Akasema, "Ngoja nimwite mhifadhi," akaondoka karibu kwa kukimbia, viatu vyake vinalia sakafuni.

Tukabaki watatu. Rafiki alimshika mama mkono, akamkalisha kwenye benchi, naye akakaa pembeni yake. Mimi nilibaki nimesimama. Ukutani, chini ya picha, kulikuwa na kibao kidogo: "Mchimbaji. Rangi ya mafuta juu ya kitambaa." Na jina la mchoraji. Nilikisoma mara nyingi, kwa sababu kilikuwa kitu pekee pale ambacho ningeweza kukisoma.

"Ndilo lile duara?" mama akauliza.

"Ndilo, mama," rafiki akajibu.

"Lile lile?"

"Lile lile. Hilo gogo alilolishika, mimi ndiye niliyelikata."

Mama akalitazama gogo. "Siku ile wewe ulikuwa wapi?"

Kwa miaka yote hiyo mama hakuwahi kumuuliza. Matangani tuliambiwa kwamba yeye alipanda juu kuchukua maji ya kunywa, na aliporudi duara lilikuwa limekwishashuka, na mdogo wangu alikufa papo hapo. Papo hapo. Neno hilo nimelitumia mara nyingi. Mama akiamka analia, mimi namwambia, hakusikia maumivu, mama, ilikuwa papo hapo.

"Nilikuwa juu," rafiki akasema. "Nilikuwa nimeshika dumu la maji." Nikaona shati lake jeupe limelowa mgongoni ingawa chumba kilikuwa cha baridi. "Mama, kuna jambo sijawahi kukuambia. Kila nikija kwako nakuja nalo. Nikifika nasema nimeleta sukari."

"Sema."

"Hakufa pale pale."

Mimi nilitaka kumzuia. Nilinyoosha hata mkono. Lakini mama alikuwa amemgeukia mzima mzima, magoti yao yamegusana, na niliona kwamba hakuna ninachoweza kufanya kati yao.

"Tulimsikia," akasema. "Vumbi lilipotulia tulimsikia anagonga. Alikuwa anagonga kwenye gogo kwa jiwe, au kwa nyundo yake, sijui. Tukaanza kuchimba. Tulichimba kwa mikono, kwa sululu tuliogopa kumpiga. Tukitoa ndoo moja, zinashuka kumi."

"Aligongaje?"

"Mama."

"Nataka kujua aligongaje."

Rafiki wa mdogo wangu alitazama benchi. Akakunja kidole, akagonga ubao. Aligonga polepole, akaacha nafasi, akagonga tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua ina mgonjwa. Kwenye mlango wa chumba kile mlinzi mwingine aligeuka kutuangalia.

"Na ninyi mlijibu?"

"Tulijibu. Tulikuwa tunagonga gogo la juu. Akigonga, tunagonga."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jua lilipoanza kushuka."

"Mkanyamaza?"

"Hatukunyamaza, mama. Sisi tuliendelea. Yeye ndiye aliyenyamaza."

Mama aliweka kiganja chake juu ya ubao pale alipogonga, akakiacha hapo. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze kwa nani. Si kwa huyu bwana, ambaye uso wake ulikuwa umevurugika hata haukutazamika. Si kwa mchoraji aliyechora bega vizuri hivyo na hakuona umuhimu wa pua na macho. Niliwaza yale masaa yote mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa Kharumwa, nashona sare za shule. Labda nilikuwa nacheka na mteja. Hakuna mtu aliyenijulisha kwamba wakati huo mdogo wangu anagonga, na kama ningejulishwa, ningefanya nini? Nyarugusu ingekuwa mbali vile vile.

Mhifadhi alikuja. Alikuwa mtu wa rika langu, mwenye miwani, na alikuja na maji ya kunywa kwa ajili ya mama. Alichuchumaa mbele yake badala ya kusimama, akamwamkia shikamoo, akampa pole. Nilitegemea mtu wa kukasirikia na nikapata huyu.

Nikamweleza shida yetu. Kwanza nikaomba tuipige picha kwa simu, hata ya mgongo hivyo hivyo. Akasema kwa masikitiko kwamba hairuhusiwi, mchoraji amekwishafariki na haki za picha zake ziko kwa watoto wake, jumba limekubaliana nao kwamba pasiwe na kunakili. Akasema anaweza kuwaombea kwao, lakini hawezi kutuahidi. Nikaomba basi kwenye kile kibao, pale palipoandikwa "Mchimbaji", waongeze jina la mdogo wangu. Mhifadhi alivua miwani akaifuta.

"Dada yangu, jina la picha alilitoa mchoraji mwenyewe. Mimi nakuamini. Nimemwona mama, nakuamini kabisa. Lakini kuandika ni lazima niwe na kitu cha kuonyesha wakubwa wangu, kwamba aliyechorwa ni huyu. Mna picha yake yoyote tulinganishe?"

Nilikaribia kucheka. "Tungekuwa na picha yake tusingekuja hapa."

Akainamisha kichwa. "Naelewa."

Naamini alielewa. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Kila mtu katika jumba lile alikuwa mwema kwetu, na wema wao wote haukuweza kumgeuza mtu mmoja wa rangi ya mafuta.

Mama ndiye aliyeuliza swali la mwisho. "Huyu mzee aliyechora, nyumbani kwake hakuna nyingine? Alikaa pale siku nyingi. Labda alimchora na kwa mbele."

Mhifadhi alisema alikwisha kuwauliza watoto wa mchoraji habari za karatasi zake, kwa ajili ya kazi nyingine. Karatasi nyingi zililiwa na mchwa. Zilizobaki ni za wanyama na miti.

"Basi," mama akasema.

Muda huo wanafunzi waliingia, kundi zima na mwalimu wao, wakajaa chumba kile na vicheko vyao. Binti mwongozaji alijaribu kuwaelekeza chumba kingine, lakini mwalimu alikuwa na ratiba yake. Wakapanga mistari mbele ya kamba, mama yangu amekaa nyuma yao kwenye benchi kama bibi yao aliyewasindikiza. Mwalimu akaanza kuwaeleza kwamba picha hii inaonyesha jasho la Mtanzania anayejenga nchi yake. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha kidole.

"Mwalimu, anaingia au anatoka?"

Mwalimu akaitazama picha. "Wewe unaonaje?"

Wakaanza kubishana. Wengine wakasema anaingia kwa sababu mguu uko ndani, wengine wakasema anatoka kwa sababu mkono umeshika juu, anajivuta. Walipiga kelele kweli kweli, hadi mlinzi akawanyamazisha. Nilimtazama rafiki wa mdogo wangu. Alikuwa ameinamisha uso kwenye viganja. Mama alikuwa anawasikiliza wale watoto, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kila anayesema anamgeukia, kama mtu anayefuatilia kesi barazani na anasubiri hukumu. Hukumu haikutolewa. Mwalimu alisema sanaa ndivyo ilivyo, akawapeleka kwenye vinyago.

Tulikaa pale hadi walipotuambia jumba linafungwa. Mama alisimama mwenyewe. Alikwenda tena hadi kwenye kamba, akanyoosha mkono, na mlinzi akatazama pembeni makusudi. Lakini mkono haukufika. Mkono wa mama ni mfupi, na kamba ilikuwa imewekwa mbali na ukuta kwa kusudi hilo hilo. Vidole vyake vilibaki hewani, usawa wa kile kisigino kilichopasuka. Alisema kitu kwa Kisukuma, chini chini, na mimi ninayeijua lugha hiyo tangu tumboni sikukisikia.

Nje, mlinzi wa kwanza alimrudishia mafurushi yake. Mama aliyafungua pale pale kwenye ngazi, akampa yule mlinzi michembe, akampa binti mwongozaji, akampa mhifadhi aliyetusindikiza, akampa rafiki wa mdogo wangu karanga zote zilizobaki. Mhifadhi alikula amesimama, na suti yake.

Tangu siku ile rafiki wa mdogo wangu hajaleta sukari tena. Anakuja, anakaa na mama nyuma ya nyumba. Mimi nilidhani mama atamchukia, au atazidiwa. Hakumchukia. Kuzidiwa, sijui. Usiku analala, chakula anakula, kanisani anakwenda. Ila ameacha kuniuliza kama ilikuwa papo hapo, na mimi nimebaki sina cha kumwambia pale anapoamka analia. Namshika mgongo tu. Nakaa hapo namshika mgongo hadi anatulia mwenyewe.

Mhifadhi alitimiza ahadi yake ya kuomba. Alinipigia simu kunieleza kwamba watoto wa mchoraji bado hawajajibu, na kwamba ataendelea. Mara ya pili alipopiga, sauti yake ilikuwa nzito. Alisema picha kadhaa za jumba lile zimechaguliwa kwenda kuonyeshwa Dar es Salaam, na ile ya mchimbaji ni mojawapo, na hakuna tarehe ya kurudi. Akasema aliona si vizuri tusikie kwa watu. Nikamshukuru. Ningefanya nini kingine?

Nilimwambia mama jioni ile ile, alipokuwa amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo. Aliendelea kumenya. Nilidhani hakusikia, nikataka kurudia.

"Hajawahi kufika Dar es Salaam," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wanamsafirisha kwa kitu gani, kwa gari?"

"Nadhani kwa gari. Wanazifunga vizuri, wanaziweka kwenye masanduku ya mbao."

Kisu kikasimama. Akakaa hivyo, muhogo mkononi nusu umemenywa, na nilipogundua nilichokisema ilikuwa tayari nimeshakisema. Nikaanza kumweleza kwamba masanduku yenyewe yana nafasi, yana vitambaa laini ndani, vitu ambavyo mimi mwenyewe sivijui. Mama alinisikiliza mpaka nilipoishiwa maneno.

Kisha akaniuliza kama huko Dar wanafungua jumba siku za Jumapili. Nikamwambia sijui.